Cheti kipo ukutani, medali haimo kwenye kumbukumbu: nianzie wapi?

SWALI

Shikamoo kaka. Mimi ni mzaliwa wa Kongwa, sasa naishi Kisasa hapa Dodoma na nina shamba la zabibu Hombolo. Juni 2004, nikiwa Marekani kwa kibali cha ukaazi wa kudumu, nilijiunga na Jeshi la Nchi Kavu la huko. Nilitoka Juni 2008, kwa heshima. Kuanzia Novemba 2005 hadi Novemba 2006 nilikuwa Iraki.

Mwaka jana binti yangu alikuwa anapanga makaratasi ya nyumbani, akaikuta fomu yangu ya kutoka jeshini, ile DD 214. Akasoma sehemu ya nishani, akaniuliza, "Baba, mbona hii iliyo ukutani haimo?" Ukutani nimetundika cheti cha Medali ya Mafanikio ya Jeshi. Kwenye fomu kweli haimo. Medali ya Kampeni ya Iraki haimo pia; wameandika Medali ya Msafara wa Vita Dhidi ya Ugaidi. Na Medali ya Mwenendo Mwema haimo, wakati sikuwahi kuadhibiwa hata siku moja. Rafiki aliyebaki huko ananiambia nisijisumbue, mafaili yaliungua. Mwingine anataka dola 400 anishughulikie. Nifanyeje?

Msomaji, Kisasa, Dodoma

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole. Mtoto akiuliza swali kama hilo, mzazi hapati usingizi. Kwa maelezo uliyonipa, naona una haki ya kulifuatilia jambo hili hadi mwisho.

Nianze na habari ya moto, maana imewakatisha tamaa wengi. Moto ulikuwapo kweli. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi, huko St. Louis, Missouri, liliwaka, na majalada kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Lakini yale ya Jeshi la Nchi Kavu yaliyoungua ni ya watu waliotoka kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Ya Jeshi la Anga ni ya waliotoka kati ya 1947 na 1964. Wewe uliingia jeshini mwaka 2004, na jalada lako limo kwenye hifadhi ya kielektroniki kama la kila aliyetoka jeshi hilo baada ya Oktoba 2002. Rafiki yako amesikia habari ya kweli akaiweka mahali pasipo pake.

Kuhusu dola 400, usitoe. Fomu zote nitakazokutajia hazina ada. Na ukitaka mtu wa kukuwakilisha, vipo vyama vya askari wastaafu wa Marekani, kama American Legion na Disabled American Veterans, ambavyo vina watu waliosomea kazi hiyo na hawadai malipo.

Sasa tuje kwenye kiini. Kazi yangu ni masjala, na kuna siku moja iliyonifundisha kazi hii kuliko darasa lolote. Mwalimu mstaafu alikuja ofisini tulipokuwa, akasema barua yake ya kupandishwa daraja haionekani na mafao yake yamepigwa hesabu ya daraja la chini. Tulimrudisha mara tatu. Kila alipokuja alieleza alivyofundisha kwa bidii na shule alizopelekwa, na kila mara tulimsikiliza tukamwambia barua haipo. Mara ya nne nilimwomba anitajie vitu viwili tu: mwaka, na cheo cha aliyesaini. Barua tuliikuta kwenye jalada la mtu mwingine mwenye jina la ukoo kama lake, folio namba 47, muhuri upo, saini ipo, matundu mawili yametobolewa vizuri kabisa. Hakuna mtu aliyekuwa amebisha kwamba alipanda daraja. Karani alishika jalada lisilo lake, basi. Yule mzee alikaa kwenye benchi la korido akalia, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wamemrudisha.

Ndiyo maana nakuomba usianze kwa kueleza ulivyoteseka Iraki. Chukua kila medali peke yake ujiulize: karatasi iliyoitoa ipo mahali fulani ikasahauliwa kunakiliwa, au haikuwahi kuandikwa kabisa? Medali zako tatu hazina jibu moja.

Ya Iraki ndiyo nyepesi, na ushahidi unao mkononi. Fungua DD 214 yako uangalie kisanduku namba 18, cha maelezo ya ziada. Waliokwenda Iraki kwa kawaida huandikiwa humo mstari unaotaja nchi hiyo, ukifuatiwa na tarakimu nane za siku ya kuingia na nane za siku ya kutoka, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku. Sharti la Medali ya Kampeni ya Iraki ni kukaa huko siku 30 mfululizo, au siku 60 zisizofuatana, kati ya tarehe 19 Machi 2003 na 31 Desemba 2011. Wewe ulikaa mwaka mzima. Kama mstari huo upo, fomu yako inajipinga yenyewe: kisanduku cha 18 kinasema ulikuwa Iraki, cha 13, ambacho ni cha nishani, kimesahau. Kama mstari nao haupo, tafuta hati zako za mshahara za miezi ile. Aliyekuwa kwenye eneo la hatari alilipwa nyongeza ya dola 225 kwa mwezi, na nyongeza hiyo huonekana kwenye hati hizo.

Hapo kuna mambo mawili ambayo watu hujikwaa. La kwanza ni vinyota. Jeshi liliigawa kampeni ya Iraki katika awamu, na kwa kila awamu uliyoshiriki unawekewa kinyota kimoja cha shaba juu ya utepe wa medali. Awamu iliyoanza tarehe 29 Juni 2004 iliisha 15 Desemba 2005. Iliyofuata ilianza tarehe 16 Desemba 2005 ikaisha 9 Januari 2007. Wewe ulifika Novemba 2005, kwa hiyo uliigusa ya kwanza kwa wiki chache na ya pili hadi ulipoondoka. Omba medali yenye vinyota viwili vya kampeni, na uviandike hivyo hivyo. Usije ukaandika kwamba unaomba Medali ya Nyota ya Shaba! Hiyo ni nishani nyingine kabisa, kubwa, ya ushujaa au ya utumishi uliotukuka vitani, na mwenye kulisoma ombi lako atadhani unajipa usichopewa.

La pili nitakwambia wazi ili lisikushtue baadaye. Ile Medali ya Msafara wa Vita Dhidi ya Ugaidi waliyokuandikia huenda ikaondolewa. Muda uleule wa utumishi hauwezi kuhesabiwa kwa medali zote mbili, na kwa mtu aliyefika Iraki mwishoni mwa 2005 medali sahihi ni ya Kampeni ya Iraki. Walioandika fomu yako walikosea kwa kuweka moja mahali pa nyingine. Mimi ningeomba mwenyewe, kwa mkono wangu, kwamba ya Msafara ifutwe na ya Iraki iwekwe. Anayetaja kosa linalompunguzia husomwa kwa imani zaidi anapotaja kosa linalomwongezea. Usichanganye tu na Medali ya Utumishi wa Vita Dhidi ya Ugaidi, ambayo jina lake linafanana. Hiyo ni stahili nyingine na inaweza kukaa pamoja na ya Iraki.

Medali ya Mafanikio, hiyo iliyo ukutani, ni habari ya karatasi tu. Haitolewi kwa kuwa mahali fulani. Hutolewa kwa amri iliyosainiwa, na amri ina namba na tarehe. Kishushe cheti, kitoe kwenye fremu ukiangalie chote, mbele na nyuma, maana fremu mara nyingi hufunika mstari wa chini. Tafuta namba ya amri. Pendekezo lenyewe huandikwa kwenye fomu iitwayo DA 638, na ukiipata hiyo yenye saini ya kamanda aliyeidhinisha, kazi imekwisha. Yawezekana ilibaki kwenye makabati ya kombania yako isifike kwenye jalada lako. Hapo cheti chako ndicho ushahidi mkuu, na maelezo ya maandishi ya kamanda au sajini aliyekuwapo ulipovishwa yatakisaidia sana. Tuma nakala. Cheti halisi kisiondoke Kisasa.

Ya Mwenendo Mwema ndiyo yenye mashaka, na sitaki kukudanganya. Askari wa kawaida huistahili akitimiza miaka 3 mfululizo ya utumishi, kwako ni Juni 2007. Lakini miaka haitoshi. Ni kamanda anayeamua kwamba mwenendo ulikuwa wa kuigwa, na uamuzi huo huandikiwa amri. Kwa hiyo kama amri imo kwenye jalada, ni kosa la karani. Kama haimo, hakuna cha kunakili, na hapo itabidi uiombe bodi ya jeshi inayorekebisha kumbukumbu, ambayo nitaieleza mbele. Bodi hupekua jalada kuona kama kuna adhabu, karipio, au maandishi ya kamanda ya kukunyima. Jalada likiwa safi una hoja nzuri, na zipo kesi nyingi za namna hiyo ambazo bodi imeamua kwa faida ya askari.

Utaona kwamba kila nilipofika nimesema "kama imo kwenye jalada". Basi hatua ya kwanza ni kuliomba jalada lako lote, na hatua hii usiiruke. Unaweza kuomba kwa intaneti, lakini mfumo wao wa kuthibitisha utambulisho huwasumbua walio nje ya Marekani. Ukikwama, tumia fomu ya karatasi, SF 180, ujaze, usaini kwa wino, uitume St. Louis. Andika kwamba unataka nakala ya jalada zima la utumishi, pamoja na amri zote za nishani. Ukiandika tu "naomba kumbukumbu zangu" watakutumia nakala ya DD 214, ambayo tayari unayo.

Jalada likifika, kaa nalo usome ukurasa kwa ukurasa. Yale yenye karatasi yatengeneze fungu moja uyapeleke Kamandi ya Rasilimali Watu ya Jeshi, Fort Knox, Kentucky, uombe marekebisho ya kiutawala. Hawa husahihisha makosa ya ukarani bila kesi. Wakikukatalia, au kwa lile lisilo na karatasi, ndipo unakwenda kwenye Bodi ya Jeshi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Kijeshi kwa fomu DD 149. Bodi hutaka uwe umemaliza milango mingine kwanza. Ukianzia kwake, huenda ikakurudisha kule kule.

Wajumbe wa bodi ni raia, na hawaendi kukutafutia ushahidi. Huanza kwa kuamini kwamba karatasi za jeshi ziko sawa, na mzigo wa kuonyesha kosa ni wako. Sheria inatoa miaka 3 tangu ulipogundua kosa, ila bodi inaweza kuusamehe muda huo ikiona haki inadai hivyo. Fomu itakuuliza uligundua lini. Sema ukweli: mwaka jana, binti yako alipokuta jina la medali halimo. Usibuni tarehe. Unasaini chini ya sheria inayoadhibu maelezo ya uongo, na ukweli wako unatosha. Barua ya maelezo isizidi ukurasa mmoja na nusu. Kila unachodai, taja kiambatisho kinachokithibitisha. Na jiandae kusubiri: sheria inataka maombi mengi yamalizike ndani ya miezi 10, na hakuna linalopaswa kupita miezi 18.

Ukikubaliwa, hutapewa DD 214 mpya kwa kawaida. Utapewa DD 215, karatasi ya marekebisho inayosema kisanduku fulani kifutwe hiki kiongezwe kile. Zikae pamoja daima. Ukitoa nakala ya moja, toa na ya nyingine.

Jambo la mwisho ni jina, na hapa Watanzania tunaumia kuliko wengine. Sisi tuna majina matatu, la baba likiwa katikati na la babu mwisho, na jeshini huenda waliyapanga walivyoelewa wao. Linganisha herufi kwa herufi jina la kwenye cheti cha ukutani na la kwenye DD 214. Kwenye fomu zote andika kama lilivyo kwenye DD 214, hata kama NIDA unasomeka vingine, kisha ambatanisha kiapo cha wakili kinachoeleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Kiandikwe kwa Kiingereza, na kitaje kila tahajia iliyotumika.

Bahasha ipeleke Posta pale mjini uitume kwa EMS ili upate namba ya kuifuatilia, na stakabadhi uiweke pamoja na nakala za kila ulichotuma. Ukipata jalada na ukakuta ukurasa usiouelewa, niandikie tena unitajie ukurasa huo, tutausoma pamoja.