Tucheze Wimbo Gani? Majibu kwa Wanaojiandaa na Bunkasai

Vuli ikikaribia, shule nyingi za Japani huanza kujiandaa kwa bunkasai, tamasha ambalo kila darasa huja na chake: mgahawa wa siku moja, maigizo, maonyesho ya picha, kucheza jukwaani. Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu kucheza, basi twende moja kwa moja.

Mwalimu, niko sekondari ya juu huku Saitama kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Darasa letu lina watu zaidi ya 30 na wengi wanataka "Bling-Bang-Bang-Born" ya Creepy Nuts. Zimebaki wiki tatu, na nusu yetu hatujawahi kupanda jukwaani. Tufanyeje?

Mdogo wangu, kabla ya kuchagua wimbo itazameni miguu yenu. Wimbo huo ulitoka Januari 2024 na kilichousambaza ni kile kipande kifupi cha kiitikio, ambacho mtu anakishika upesi. Kazi iko kwenye sehemu nyingine: mistari ya kufoka kwa kasi, ambapo watu 30 hawana la kufanya ila kungoja kiitikio kirudi, na watazamaji wanaliona hilo. Mkiutaka sana, chukueni kiitikio peke yake mfungie nacho onyesho.

Kwa wimbo mkuu ningewapa "Koisuru Fortune Cookie" ya AKB48, wa mwaka 2013. Hatua zake alizibuni Papaya Suzuki, na ni nyepesi kiasi kwamba wafanyakazi wa makampuni na wa serikali za mikoa walijirekodi wakiucheza. Mikono ndiyo yenye kazi: viganja vinazungushana kama vinavyofinyanga tonge la wali, miguu inafuata taratibu. Kipimo changu ni mwenzenu mwenye haya kuliko wote. Kama kufikia mwisho wa wiki ya kwanza anaweza kusimama mstari wa mbele asitazame wa pembeni, wimbo umefaa. Kama bado anajificha nyuma, badilisheni mapema.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita hapa Nagoya, wanafundishwa Soran Bushi. Sisi ni Waislamu, nahofia isije ikawa ngoma ya ibada.

Marahaba mama, ondoa shaka. Soran Bushi ni wimbo wa kazi. Waliuimba wavuvi wa Hokkaido walipokuwa wakitoa samaki wa heringi baharini, ni jamaa wa ile "harambee!" ya watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja. Mtindo ulioenea mashuleni ulitokea shule ya Minami ya mjini Wakkanai, kaskazini kabisa mwa Hokkaido, kwa muziki wa mwimbaji Ito Takio unaochanganya shamisen, ala ya Kijapani ya nyuzi tatu, na mdundo wa roki.

Mtazame akifanya mazoezi sebuleni. Anapanua miguu, anashuka chini mpaka mapaja yanatetemeka, mikono inachora wimbi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kisha anavuta kamba ya wavu, ngumi moja nyuma ya nyingine, kifua kikirudi nyuma. Ile "Dokkoisho!" wanayoipaza wachezaji ni sauti ya mtu anayekaza misuli. Mimi naupenda wimbo huu kuliko yote inayochezwa mashuleni, kwa sababu mtoto mnene, mwembamba, mwepesi na mzito wote wana nafasi sawa ndani yake. Anayeshuka chini zaidi ndiye anayependeza.

Bon odori, ngoma nyingine mtakayokutana nayo, ni suala jingine. Asili yake ni Obon, msimu wa Kibuddha wa kuwakumbuka waliotangulia, ingawa Wajapani wengi leo huichukulia kama burudani ya kiangazi, na nyimbo zake nyingine, kama Tanko Bushi ya wachimba makaa wa Kyushu, hazina dua ndani yake. Uamuzi ni wenu wazazi. Ila mkiwa na wasiwasi mwoneni mwalimu wa darasa kabla nafasi hazijapangwa. Mtoto akitolewa wiki ya mwisho, anayeumia ni yeye.

Tunataka kuunganisha nyimbo tano ndani ya dakika nne. Inafaa?

Hapana, mbili zinatosha. Halafu mzisikilizie ndani ya ukumbi wenyewe wa michezo, si kwenye simu. Kumbi zile zina mwangwi mkali, maneno yanapotea na linalobaki ni pigo la ngoma. Wimbo usio na pigo la wazi utawapoteza.

Mwalimu wetu anapendekeza "Dancing Hero". Si wa kizee mno?

Ni wa Oginome Yoko, wa mwaka 1985, na ndiyo sifa yake: wazazi ukumbini watauimba. Mwaka 2017 kikundi cha shule ya Tomioka ya Osaka kiliucheza kwa mavazi ya enzi zile, video ikatazamwa nchi nzima. Lakini wale ni klabu ya wachezaji waliobobea. Chukueni wimbo, hatua mbuni zenu.

Klabu yetu ya Kijapani hapa Nairobi inataka kucheza Yosakoi, ile ngoma ya tamasha la mji wa Kochi, siku ya utamaduni shuleni. Naruko hatuna.

Chongesheni. Naruko ni kibao kidogo chenye mpini na vijiti vinavyogonga ukitikisa mkono. Zamani vilitumika kufukuza ndege mashambani. Msiziache, kwa sababu katika tamasha la Kochi, lililoanza mwaka 1954, kila mchezaji lazima azishike, na ndani ya muziki lazima kisikike kipande cha wimbo wao wa asili. Zaidi ya hapo mko huru: roki, samba, hata mdundo wa nyumbani kwenu. Mlio wa naruko ukipishana na pigo, onyesho limeharibika, kwa hiyo fanyeni mazoezi nazo tangu siku ya kwanza.

Tunaruhusiwa kuweka video mtandaoni?

Kucheza ukumbini hakuna tatizo: kifungu cha 38 cha sheria ya hakimiliki ya Japani kinaruhusu, mradi hakuna kiingilio, hakuna faida na wachezaji hawalipwi. Mtandaoni mambo hubadilika. YouTube ina makubaliano na JASRAC, shirika la Japani linalosimamia haki za watunzi, kuhusu utunzi, lakini rekodi yenyewe huwa ya kampuni ya muziki, na hiyo inahitaji kibali chake. Mkipiga wenyewe kwa ngoma na shamisen mnakwepa suala la rekodi. Bado ulizeni shule kuhusu sura za wenzenu. Wazazi wengine hawataki, na hawalazimiki kutoa sababu.