Ushauri kwa Wanaoanza Kusoma Kumbukumbu za Baraza la Wachoctaw

Mwanafunzi anayeletwa kwa mara ya kwanza kwenye sheria za karne ya 19 za Wachoctaw, taifa la wenyeji wa asili wa Marekani lililojitungia sheria kwa Baraza lake, kwa kawaida hupewa kitabu kimoja kilichochapwa, husoma safu ya Kiingereza kuanzia katiba hadi sheria ya mwisho, kisha huandika kwamba Wachoctaw waliiga serikali ya Marekani. Nami nilianza hivyohivyo. Ilinichukua karibu miaka miwili ya kukaa mbele ya mashine ya kusomea mikrofilamu kutambua kwamba kitabu kile ni nafaka iliyokwisha kupepetwa, na kwamba shamba lenyewe limo katika karatasi zilizoandikwa kwa mkono: miswada iliyopita na iliyoanguka, maombi ya wananchi, barua za machifu waliokataa kutia saini, na hati za malipo. Ninayaandika haya kwa ajili yako unayeanza, ili miaka hiyo miwili kwako iwe miezi michache.

Kwanza ujue sheria hizi ziliandikwa katika hali gani. Wachoctaw walikuwa na sheria za maandishi wakiwa bado Mississippi, katika miaka ya 1820. Mwezi wa Januari 1830 bunge la jimbo la Mississippi lilifuta serikali yao na kuweka adhabu ya faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi mwaka mmoja kwa yeyote ambaye angethubutu kufanya kazi ya uchifu. Tarehe 27 Septemba mwaka huohuo ukatiwa saini Mkataba wa Dancing Rabbit Creek, uliowaondoa katika ardhi ya mababu zao na kuwapeleka magharibi ya mto Mississippi, katika nchi ambayo leo ni kusini-mashariki ya Oklahoma. Kifungu cha nne cha mkataba huo kiliahidi kwamba hakuna jimbo wala himaya ya Marekani itakayokuwa na haki ya kuwatungia sheria Wachoctaw na vizazi vyao. Kisome kifungu hicho mara nyingi hadi ukizoee, kwa sababu kila sheria utakayoikuta baadaye imesimama juu yake. Safari za kuhama zilianza 1831, na watu wengi mno walikufa kwa baridi, njaa na kipindupindu. Tarehe 3 Juni 1834, watu waliokuwa wametoka tu kuzika wenzao walikutana mahali walipopaita Nanih Waiya, kwa jina la kichuguu kitakatifu walichokiacha Mississippi, wakaandika katiba. Sijapata kuizoea tarehe hiyo, na sidhani inafaa kuizoea.

Baada ya hapo shika mfululizo wa katiba zenyewe: 1834, 1838, 1842, 1850, 1857 na 1860. Usizidharau kwa kudhani kwamba ni marekebisho madogo, kwani zilibadilisha muundo wa serikali yenyewe. Ile ya 1834 ilikuwa na baraza moja la wajumbe 27 na machifu watatu, kila chifu na wilaya yake. Ile ya 1838 iliwaingiza Wachickasaw, taifa jirani la wenyeji, kama wilaya ya nne, kufuatana na mkataba wa 1837, na wakabaki ndani hadi mkataba wa 1855 ulipowatenganisha. Ile ya 1842 ilileta Seneti na Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo ukikuta karatasi isiyo na tarehe, idadi ya machifu waliotia saini na idadi ya mabaraza yaliyoipitisha zitakueleza imetoka kipindi gani, hata kabla hujasoma neno la sheria yenyewe.

Kipindi kinachowakwaza wageni kuliko vingine ni kile cha kati ya 1857 na 1860. Katiba iliyotungwa katika mji wa Skullyville mwaka 1857 iliwaondoa machifu wa wilaya na kuweka gavana mmoja, Alfred Wade akiwa wa kwanza. Wananchi wengi waliona mpango huo kuwa hatua ya kuifanya nchi yao jimbo la Marekani, wakakutana katika mji wa Doaksville mwaka 1858 na kuandika katiba yao wenyewe. Kwa muda nchi ikawa na pande mbili, kila upande ukijiona halali, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa karibu. Karatasi za miaka hiyo zina saini za watu waliokuwa hawatambuani. Nakusihi usijifanye hakimu wa kuamua upande upi ulikuwa serikali ya kweli. Andika katika daftari lako jina la cheo kama lilivyo kwenye karatasi, gavana au chifu, pamoja na mahali kikao kilipofanyika, kisha uendelee. Suluhu ilikuja na katiba ya 1860 iliyotungwa Doaksville, ambayo ilimweka Chifu Mkuu mmoja huku ikiwarudisha machifu watatu wa wilaya, na ambayo ilidumu hadi serikali hiyo ilipovunjwa nguvu mwanzoni mwa karne ya 20.

Kosa langu kubwa la mwaka wa kwanza lilikuwa la majina. Niliandika ukurasa mzima kuhusu kazi za Apukshunnubbee na Pushmataha katika miaka ya 1850, na msomaji wangu wa kwanza akanirudishia kwa alama moja ya kuuliza. Machifu hao wawili walifariki mwaka 1824, wote wakiwa katika safari ya kwenda kuzungumza na serikali ya Marekani, Apukshunnubbee njiani huko Kentucky na Pushmataha mjini Washington kwenyewe. Niliyokuwa nikiyasoma yalikuwa majina ya wilaya. Wachoctaw walipogawa nchi yao mpya walizipa wilaya tatu majina ya machifu watatu wa zamani, Apukshunnubbee, Pushmataha na Mushulatubbee, hivyo wafu hao hutajwa karibu katika kila ukurasa wa bajeti, wa mahakama na wa uchaguzi. Kumbuka pia kwamba jina moja huandikwa kwa namna nyingi, Mushulatubbee hapa na Moshulatubbee pale. Sisi tuliokwisha kuona Kilwa ikiandikwa Quiloa katika maandishi ya Wareno hatuna sababu ya kushtuka, ila tuna sababu ya kuandaa orodha ya tahajia zote mapema.

Sasa lugha. Sheria nyingi zilichapwa kwa Kichoctaw na Kiingereza, na magazeti ya Doaksville ya karibu na mwaka 1850, Choctaw Telegraph na baadaye Choctaw Intelligencer, yalitoka kwa lugha zote mbili. Usidhani kwamba safu ya Kichoctaw ni tafsiri ya kuwaridhisha wazee. Kuna miswada iliyojadiliwa na kupitishwa kwa Kichoctaw, na Kiingereza kikafuata. Sheria kwa lugha hiyo ni nan vlhpisa, yaani kitu kilichopimwa, kilichofikia kipimo chake. Baada ya kulielewa neno hilo nilirudia upya mijadala ya mipaka, ya mifugo na ya malipo, nikaona jinsi wajumbe walivyokuwa wakibishana kuhusu kiasi kinachostahili, jambo ambalo Kiingereza kilikuwa kimelificha chini ya maneno ya kiwakili. Herufi iliyo kama v ni irabu fupi inayokaribia a, na kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, kwa hiyo usikate tamaa unapofika katikati ya kifungu bila kujua nani ametenda nini. Kamusi kubwa ya Cyrus Byington ilichapwa mwaka 1915, miaka mingi baada ya kifo chake, na tahajia yake si ileile ya karatasi za Baraza. Neno usiloliona chini ya herufi moja litafute chini ya jirani zake.

Hata majina ya kaunti ni masomo. Tobucksy linatokana na neno la makaa ya mawe, na kweli ndiko migodi ya McAlester ilikochimbwa. Skullyville linatokana na iskuli, fedha, kwa sababu hapo ndipo serikali ya Marekani ilipolipia pesa za mikataba.

Niruhusu nikuonyeshe karatasi moja kwa karibu. Upande wa mbele una mistari ishirini na kitu ya wino uliogeuka rangi ya kahawa iliyokolea, ukianza na maneno ya kutunga sheria na kuishia na jina la mjumbe aliyeleta muswada. Mwandishi wa Baraza alikuwa akiikunja karatasi mara tatu na kuandika mgongoni, kwa mkono mwembamba, historia yake yote: jina fupi la muswada, siku uliposomwa, kamati iliyopelekewa, siku ulipopita Seneti, siku ulipopita Baraza la Wawakilishi, na mwishoni idhini ya Chifu Mkuu au kukataa kwake. Katika mikrofilamu, mgongo huo hutokea kama picha inayofuata, mara nyingine ukiwa umegeuzwa chini juu, na mgeni huuruka akidhani ni jalada tupu au hati nyingine. Usiuruke kamwe. Nimejifunza mengi zaidi kuhusu serikali ya Wachoctaw migongoni mwa karatasi kuliko nilivyojifunza usoni mwake.

Kisha ifuate fedha. Sheria ya shule ya 1842, iliyoweka msingi wa shule za bweni kama Spencer Academy na shule za wasichana kama Wheelock, inapendeza kuisoma, lakini nguvu yake huonekana pale unapokuta mkaguzi wa hesabu wa taifa akiandika hati ya malipo na mweka hazina akiilipa. Sheria isiyo na hati ya malipo nyuma yake ihoji kwa upole: huenda haikutekelezwa, au huenda fedha zilitoka mfuko mwingine. Na nakala za tarakimu zihakiki wewe mwenyewe. Mwezi wa Machi 1847 Wachoctaw walikutana Skullyville wakachanga fedha za kuwasaidia Waayalandi waliokuwa wakifa njaa. Kiasi kilikuwa dola 170, lakini kwa miaka mingi vitabu vilirudia dola 710, kwa sababu mtu mmoja aligeuza tarakimu na wengine wakanakili kwake. Mchango wa dola 170 kutoka kwa watu waliofukuzwa kwao miaka michache tu kabla hauhitaji kuongezwa.

Yapo pia yanayouma. Baadhi ya Wachoctaw walimiliki watumwa Weusi, na vitabu vya sheria vya kabla ya 1861 vina vifungu vya kuulinda utumwa huo. Mkataba wa 1866 uliwataka wawape haki walioachiwa huru, na Baraza halikuwapokea kwa sheria hadi 1883. Utakutana na watafiti wanaozipita kurasa hizo haraka kwa kuwahurumia Wachoctaw. Naomba usifanye hivyo, kwa kuwa waliokaa miaka 17 wakingojea sheria hiyo nao wanastahili kusomwa mstari kwa mstari, majina yao yakinakiliwa kwa uangalifu uleule unaowapa machifu.

Sehemu kubwa ya karatasi hizi iko Oklahoma City, katika Oklahoma Historical Society, iliyokabidhiwa utunzaji wake kwa sheria ya Kongresi ya 1934. Omba orodha ya majuzuu kabla ya kuomba juzuu, na panga kazi yako kwa vikao vya kila Oktoba, kwa kuwa ndiyo mwendo wa Baraza lenyewe.

Ukifika miaka ya mwisho, badilisha namna ya kusoma. Makubaliano ya Atoka ya 1897, yaliyotiwa nguvu na Sheria ya Curtis ya 1898, yalipunguza mamlaka ya mahakama za Wachoctaw, yakaanzisha ugawaji wa ardhi iliyokuwa ya wote, na kuagiza kwamba sheria ya Baraza inayogusa ardhi na mali ya taifa isiwe na nguvu mpaka Rais wa Marekani aikubali. Baraza liliendelea kukutana Tuskahoma, katika jengo la matofali lililojengwa 1884, na waandishi wakaendelea kukunja karatasi mara tatu. Hapo usiishie kwenye saini ya Chifu Mkuu. Tafuta siku sheria ilipopelekwa Washington na siku jibu liliporudi, uziandike zote mbili pembeni mwa siku ambayo wajumbe walipiga kura.