Kinachomkwamisha kijana ni mkataba wa mdomo

Swali la wiki hii linauliza kinachomkwamisha kijana wa kiume siku hizi. Wengi watataja pombe na kubeti. Mimi nawasemea madereva wa bodaboda wa Uyole, Mwanjelwa na Mbalizi, huku Mbeya, na jibu langu ni mkataba wa mdomo.

Kijana amemaliza kidato cha nne, mtaji hana. Tajiri anampa pikipiki mpya: alete hesabu kila siku, muda ukiisha chombo kiwe chake. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 60. Hiyo ni 3,600,000, na hapo hajaweka mafuta wala hajala. Oili, tairi na faini za barabarani ni juu yake. Gharama zote za mwenye mali anabeba yeye, ila kadi ya pikipiki ina jina la tajiri.

Mbeya nayo ina milima. Ukipandisha kila siku na abiria na gunia la viazi, cheni inalegea mapema. Tazama sproketi ya nyuma, lile duara la meno linalopita cheni: meno yakishachongoka na kulalia upande mmoja, cheni itaruka mlimani. Wenye haraka hununua cheni peke yake, nayo inaliwa upesi na meno yale yale chakavu. Seti nzima ndiyo nafuu, lakini ni hela ya siku kadhaa, na masika abiria wanapungua huku hesabu iko pale pale.

Hapo ndipo anapoanguka. Wiki mbili mbaya, deni linapanda, tajiri anachukua chombo wakati imebaki miezi miwili tu. Hela zote alizolipa zinageuka kodi ya kukodi chombo. Akienda serikali ya mtaa anaulizwa ushahidi, hana. Sheria haikatai makubaliano ya mdomo. Kazi ni kuyathibitisha. Wapo matajiri waungwana, na hao hawaogopi karatasi.

Inaniuma zaidi kwamba nyumbani hakuna anayeuliza. Binti akienda kufanya kazi mjini, mzazi atataka kujua anakwenda kwa nani. Wa kiume anaambiwa "kakomae". Akidhulumiwa ananyamaza, maana mwanaume halalamiki.

Mzazi, nenda naye siku ya kukabidhiwa. Karatasi iandikwe nakala mbili, mashahidi wawepo wa pande zote, na mwenyekiti wa mtaa ajue. Iseme jumla ya deni, siyo hesabu ya siku tu. Iseme siku za matengenezo na za ugonjwa zinahesabiwaje, nani analipia injini ikifa, na kijana anarudishiwa kiasi gani mkataba ukivunjika katikati. Bima nayo iandikwe ni ya aina gani: ile ndogo inamlipa mtu wa tatu aliyegongwa, pikipiki ikiibiwa haigusi kitu. Bila kipengele cha wizi, kijana ataendelea kulipia chombo ambacho hakipo.

Hesabu itumwe kwa simu, ujumbe usifutwe. Ikitolewa mkononi, daftari lisainiwe siku hiyo hiyo.

Mwisho wa mkataba, wakubaliane mapema nani analipia kubadilisha jina la kadi TRA (Mamlaka ya Mapato), na ndani ya siku ngapi. Hesabu ya mwisho itolewe nyaraka za kuhamisha umiliki zikiwa zimeshasainiwa mezani.