Glasi maalum kwa kila waini, zina maana kweli?

Umeuliza kama ununue seti ya glasi tofauti za Cabernet na Pinot Noir (waini nyekundu za aina mbili za zabibu), za Chardonnay (zabibu ya waini nyeupe) na za shampeni. Mi nimezitumia zote hizo kwa muda mrefu na jibu langu ni usinunue seti, nunua glasi za aina moja tu ila ziwe nzuri kweli.

Umbo la glasi lina kazi, hilo halina ubishi. Ladha ya waini sehemu kubwa tunaipata puani, kwahiyo glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana kidogo inaipa waini nafasi ya kutoa harufu halafu inaizuia isipotee kabla hujainusa. Mimina chupa moja kwenye glasi ya hivyo na kwenye glasi ya maji ya kawaida, utaona tofauti hapohapo hata kama waini huijui kabisa. Ila sasa glasi ya Cabernet na ya Pinot Noir, zote nzuri, fumba macho mtu mwingine akushikie na akunusishe, hapo unaanza kubahatisha.

Hii habari ya kila zabibu na glasi yake ilipata nguvu sana Claus Riedel, mtengeneza glasi wa Austria, alipotoa glasi zake zinazoitwa Sommeliers mwaka 1973, na watu wakawa wanaelezwa kwamba umbo linapeleka waini sehemu fulani ya ulimi, eti utamu uko nchani, uchachu pembeni. Ile ramani ya ulimi sio kweli, na waini ikishaingia mdomoni inasambaa kote. Halafu kuna glasi ya kuonjea ya ISO, lile shirika la viwango la kimataifa, ya mwaka 1977, ndogo tu, ml 215 hivi, waonjaji wengi wanapima humohumo nyekundu na nyeupe.

We angalia ukingo wa mdomo uwe mwembamba, ujazo kama ml 400 mpaka 500, iwe na mguu ili mkono usipashe waini joto, na usijaze zaidi ya theluthi. Shampeni nayo weka humo, ile glasi nyembamba ndefu inatunza mapovu vizuri lakini harufu inaibana mno.

Chukua na mbili za akiba maana zinavunjika, hasa wakati wa kufuta, kwahiyo ukifuta shika tumbo lenyewe, usishike kitako huku unazungusha kitambaa juu, mguu unakatika.