Mwanangu, kuhusu hilo jina uliloitwa

Pasiansi, Mwanza

Mwanangu,

Sauti uliyonitumia jana nimeisikiliza mara mbili. Unasema wifi yako mtarajiwa kakuita "bridezilla" kwenye grupu la kamati, kisa umekataa ukumbi wa watu 400 na kutaka wageni 150, mchana, kando ya ziwa. Ukaniuliza, "Mama, kweli nimekuwa hivyo?"

Nikamtuma mdogo wako anitafutie maana yake. Kumbe gazeti la Boston Globe lililiandika neno hilo tangu 1995, wakaunganisha "bride", yaani bi harusi kwa Kiingereza, na Godzilla, lile dubwana la filamu ya Kijapani ya 1954 linalokanyaga miji. Mwaka 2004 kituo cha WE tv cha Marekani kikalifanya kipindi. Nimeangalia kipande kwenye simu. Dada wa watu anafoka, anafoka tena, tangazo. Kamera imemfuata siku kadhaa, sisi tunaletewa zile dakika za kufoka tu. Aliyemchokoza kabla yake hayumo. Na bwana harusi, nimeangalia hadi mwisho, hana jina la dubwana lolote.

Sasa kumbuka siku ya mahari yako. Baba zako wadogo walikuta ng'ombe 12 mezani, wakanyanyuka wakiwa na 15, na juu yake blanketi la bibi na koti la babu. Koti lenyewe likarudishwa eti mikono mifupi! Hao hatukuwaita kitu. Tulisema wanajua mila.

Ile picha yangu ya harusi iliyo ukutani, ya 1988, mnayopenda kuwaonyesha wageni, "Angalieni Mama alivyokuwa mnyenyekevu, kainamisha uso." Mwanangu, ile ilikuwa malaria. Niliamka natetemeka. Tulikuwa Sengerema kwa babu yako, nimekaa mkekani tangu saa nne, mgongo unawaka, nikamnong'oneza somo wangu aniombee kiti cha kuegemea. Akanifinya. "Bi harusi haombi." Nikakaa hadi saa kumi na moja. Mpiga picha akapita, akapiga, ndiyo hiyo mnayoisifia.

Kwa hiyo la wageni 150 simama nalo, baba yako nimeshamweleza. La MC kutotania wakwe pia, maana wa juzi kule Igoma alivuka mipaka hadi watu wakatazama sahani zao.

Ila la sare, hapana. Kitenge na ushonaji 90,000 kwa kila shangazi, na asiyevaa asikae meza za mbele? Shangazi yako wa Ukerewe anaanika dagaa mchangani, na mwezi huu mvua imemlowanishia mara mbili. Alinipigia kuuliza kama anaweza kuvaa kile cha msiba wa bibi, rangi zinakaribiana. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama anakopa. Hapo wifi yako angekuita hilo jina nisingekutetea, ingawa grupu si mahali pake.

Mpigie shangazi leo, kabla hajauza kitu. Usimtumie meseji, mpigie.

Na mtu wa mapambo nimeshaongea naye. Alitaka kukuweka kwenye kile kistuli cha maua. Nimemwambia kiti chako kiwe na mgongo.

Mama yako