Usiishie Kwenye Wosia: Jinsi ya Kuitafuta Familia ya Walowezi wa Kentucky

Ukiolewa na Mmarekani mweusi mwenye asili ya Kentucky, kama nilivyoolewa mimi, ipo siku watoto watakuuliza babu zao walitoka wapi. Upande wangu wa Tanga nawajibu bila kufungua kitabu. Upande wa baba yao njia inakatika mwaka 1870, maana hiyo ndiyo sensa ya kwanza ya Marekani iliyowaandika watu weusi wote kwa majina. Zile za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa chini ya jina la mmiliki: umri, jinsia, rangi, basi. Anayetaka kuvuka hapo inambidi aitafute kwanza familia nyingine, ya walowezi wa kizungu waliotoka Virginia, wakapita Cumberland Gap, ile njia ya milimani, na kuwaburuta watu wao hadi huko. Wengi wa walowezi hao hawakuacha shajara wala barua. Waliacha mirathi.

Ushauri wangu mkubwa nautanguliza: usiishie kwenye wosia. Watu wakiupata wosia wanashangilia, wanaupiga picha, wanafunga faili. Lakini wosia ni kauli ya mtu mmoja, mara nyingi mgonjwa, akisema alichotaka kiwe. Kilichokuja kuwa kimo kwenye makaratasi yaliyofuata, na mahakama ya kaunti iliyatunza kwa sababu palikuwa na fedha za watu. Isitoshe, walowezi wengi walikufa bila kuusia chochote, na makaratasi yao yapo vilevile.

Mtazame babu yake Rais Abraham Lincoln, ambaye naye aliitwa Abraham. Alitoka Virginia na familia yake akahamia Kentucky, na mwaka 1786 akauawa shambani kwake na wenyeji waliokuwa wanapigania nchi yao. Hakuacha wosia. Kentucky ilikuwa bado ni sehemu ya Virginia, na ile sheria ya kumpa mwana wa kwanza wa kiume ardhi yote ilikuwa mbioni kufutwa. Sheria mpya ilianza kutumika Januari 1787. Ilipishana nao kwa miezi tu. Mordecai, mkubwa wao, ndiye aliyerithi ardhi, na mdogo wake Thomas, baba wa rais wa baadaye, akakua akihangaika na vibarua. Halafu angalia jambo jingine: mzee aliuawa kaunti ya Jefferson, lakini orodha ya mali yake iliandikishwa kaunti ya Nelson. Ukipekua Jefferson peke yake utatoka mikono mitupu.

Mambo ya kaunti ndiyo yanayowapoteza wengi. Mwaka 1780 Kentucky nzima iligawanywa kaunti tatu: Fayette, Jefferson na Lincoln. Ilipokuwa jimbo, tarehe 1 Juni 1792, zilikuwa tisa. Leo ni 120. Familia inaweza kukaa shamba lilelile miaka yote na ikabadilishiwa kaunti mara mbili tatu bila kuhamisha hata kitanda. Kwa hiyo kabla ya yote jua kaunti unayoitafuta ilimegwa lini, na kutoka wapi; vitabu vya nyuma hubaki kaunti mama. Sensa za Kentucky za 1790 na 1800 zimepotea, hivyo shikilia orodha za kodi za kila mwaka. Mwaka ambao jina la mume linatoweka na la mkewe kuingia, hapo ndipo pa kuanzia kutafuta mirathi.

Mambo yalikwenda hivi. Mtu akifa, mahakama ilimthibitisha msimamizi, naye akaweka dhamana. Waliomdhamini mara nyingi ni shemeji, mkwe au ndugu wa mjane, kwa hiyo waandike wote, hata kama leo hawakuhusu. Kisha mahakama iliwateua majirani watatu au wanne waende nyumbani kwa marehemu wakahesabu kila kitu na kukipa bei. Thamani zikiwa za paundi na shilingi usishangae, Virginia walihesabu shilingi sita kwa dola moja na Kentucky waliendelea nazo kwa muda.

Orodha iliyotukalisha kitako mimi na mume wangu imeandikwa kwa mwandiko wa kukimbia, wino umevuja upande wa pili. Inaanza na farasi, kila mmoja kwa rangi yake. Ng'ombe. Nguruwe walioachiwa msituni. Mtambo wa kukenekea wiski, kitanda cha manyoya na mablanketi yake, gurudumu la kusokotea nyuzi. Halafu, bila hata mstari kurukwa, mwanamke na mtoto wake mchanga kwa bei moja, kijana wa kiume kwa bei yake, na baada yao masufuria ya chuma. Majina ya kwanza tu. Mume wangu alisoma mpaka kwenye masufuria akatoka kwenda kuwasha gari ambalo hatukuwa na safari nalo. (Sisi watu wa pwani tusijitie ugeni kwenye habari hizi, Pangani, iliyokuwa bandari ya biashara ya watumwa, ni pua na mdomo na Tanga.)

Ukifika hapo ndipo kazi inaanza. Sheria ya Kentucky ya 1798 iliwahesabu watumwa kuwa kama ardhi katika mirathi, na ikabaki hivyo hadi 1852. Kwetu mjane mwenye watoto akishapewa thumni yake ni mali yake, imekwisha. Kule alipewa thuluthi ya kutumia maisha yake tu. Akifa, inarudi kwa warithi wa mume. Maana yake watu waliowekwa kwenye fungu la mjane watagawanywa upya pengine miaka ishirini baadaye, na orodha hiyo ya pili ndiyo itakayokuonyesha nani alizaliwa na nani hayupo tena. Tafuta mjane alikufa lini. Kama aliolewa tena, na wengi waliolewa upesi, tafuta kwa jina la mume mpya.

Hesabu za walezi zinadharauliwa na wengi, mimi nazipenda kuliko wosia wowote. Mahakama ilimhesabu mtoto kuwa yatima pindi baba yake akifa, hata kama mama alikuwa hai, na ikampa mlezi wa kusimamia fungu lake. Mtoto akishatimiza miaka 14 aliweza kumchagua mlezi mwenyewe, nawe hapo unapata fununu ya umri wake. Kila baada ya muda mlezi alitoa hesabu: ada ya mwalimu, viatu, kitambaa, na mapato ya kuwakodisha watumwa wa mtoto huyo. Bibi wa ukoo wa mume wangu tuliyekuwa tunamtafuta tulimpata humo, akikodishwa mwaka huu kwa jirani huyu na mwaka ule kwa yule, na ujira mdogo pale alipokuwa na mtoto wa kunyonya. Sensa haikuambii hayo.

Ukikuta kwenye wosia mwana aliyeachiwa shilingi moja tu, usikimbilie kusema waligombana na baba yake. Mara nyingi alishapewa shamba alipooa, na shilingi ni ya kumziba mdomo asije kudai kwamba alisahauliwa. Fungua vitabu vya hati za ardhi, utaona. Orodha ya mnada nayo isome hadi chini, kwa sababu wanunuzi wengi ni wakwe, na humo utamkuta mjane akilipia birika lake mwenyewe.

Sehemu kubwa ya vitabu hivi imepigwa picha na iko FamilySearch, tovuti ya kutafutia koo, bure. Tangu 2024 wana utafutaji unaosoma mwandiko wa mkono, kwa hiyo unaweza kuandika jina la mtumwa pamoja na la ukoo wa mmiliki ukaletewa ukurasa. Usiamini maandishi ya mashine, fungua picha, na geuza kurasa mbili mbele na mbili nyuma. Ambavyo havimo mtandaoni ulizia kwa karani wa kaunti au hifadhi ya nyaraka ya jimbo iliyoko Frankfort. Majengo kadhaa ya mahakama yalichomwa wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, lakini ukiambiwa vitabu viliungua uliza pia kesi.

Ndiyo, kesi. Warithi wakigombana wewe furahi. Kesi ya mgawanyo wa mirathi huwataja warithi wote pamoja na waume wa mabinti, na husema nani alikwishahamia Indiana, nani yuko Missouri. Mara nyingine majirani huapishwa wakaeleza nani alizaliwa nyumba gani na alipewa nani alipofunga ndoa. Kwetu kesi ya namna hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba mdogo wa kiume wa yule bibi alipelekwa Missouri na mmoja wa wana wa marehemu, kwa hiyo sasa nafuatilia orodha za kodi za huko.