Ukifika Ufaransa: Salamu, Saa za Kula na Mkate

Maswali ya Wasomaji

Niliingia dukani Paris, nikauliza bei kwa upole na kwa Kifaransa. Muuzaji akanijibu kwa mkato bila hata kuniangalia. Nilikosea nini? (Msomaji, Tanga)

Huenda uliuliza kabla ya kusalimu. Ufaransa duka, hata kibanda cha magazeti, ni kama nyumba ya mtu: huingii ukaanza haja yako kabla ya hodi. Ukivuka mlango sema "Bonjour, madame" au "Bonjour, monsieur", ngoja ujibiwe, ndipo uulize. Huo mngojeo ndio unaowaponyoka wageni wengi. Wanaunganisha salamu na swali kwa pumzi moja, na muuzaji anaona amerukwa. Kuomba, tumia "je voudrais" (ningependa) na umalizie "s'il vous plaît" (tafadhali). "Je veux" (nataka) ni amri. Kwa mtu mzima usiyemjua tumia "vous", yaani "wewe" ya heshima, mpaka mwenyewe akuruhusu "tu", ile ya kirafiki.

Dereva wa basi na keshia wa supamaketi nao husalimiwa. Anayeingia chumba cha kungojea daktari huwasalimu wote waliokaa. Jioni ikiingia, ni "Bonsoir". Ukitoka bila kununua chochote, bado aga: "Merci, au revoir". Jambo moja litawashangaza watu wa pwani: mtu uliyemwambia bonjour asubuhi usimrudie mchana, ataona umemsahau. Tabasamu linatosha.

Tulifika mji mdogo saa tisa alasiri tuna njaa, kila mkahawa ukakataa kutupikia, na watu wamekaa ndani! (Msomaji, Nakuru)

Hao walikuwa wanamalizia kahawa, jiko lilishafungwa. Chakula cha mchana hupikwa kuanzia saa sita hadi karibu saa nane, cha usiku kuanzia saa moja au moja na nusu. Mpishi na wahudumu hupumzika katikati. Ukichelewa, tafuta mahali palipoandikwa "service continu" (jiko halifungwi mchana), au ununue mkate na jibini. Vibao hutumia saa 24: kwa saa za mchana toa 6, hivyo 14 h ni saa nane, kuanzia 19 h toa 18, hivyo 19 h 30 ni saa moja na nusu usiku.

Mezani, "menu" ni mlo wa bei moja wenye sahani mbili au tatu. Orodha ya vyakula vyote ni "carte". Omba "une carafe d'eau" uletewe maji ya bomba bure. Ukisema maji tu, unaweza kufunguliwa chupa ya kulipia. Mkate haulipiwi. Bili haiji mpaka uiombe, kwa sababu kuileta mapema ni kukufukuza. Ada ya huduma imo ndani ya bei, hivyo kuacha sarafu chache ni hiari.

Kwa asiyekula nguruwe, hatari kubwa ni lardons, vipande vidogo vya nguruwe vinavyojificha kwenye saladi na quiche (pai ya mayai). Uliza: "Il y a du porc?" Boeuf bourguignon (nyama ya ng'ombe) na coq au vin (kuku) hupikwa kwa mvinyo. Marseille, wanakoishi Wakomoro wengi, kupata bucha la halali ni rahisi.

Mbona mkate wao mzuri asubuhi unakuwa mgumu jioni? (Msomaji, Dodoma)

Hauna mafuta wala maziwa ya kuulainisha. Ukitaka ulio bora usiseme baguette tu, sema "une tradition". Amri ya serikali ya mwaka 1993 inataka mkate huo ufanywe kwa unga wa ngano, maji, chumvi, na hamira au chachu, bila viungo vya kemikali, na donge lisigandishwe hata mara moja. Ongeza "bien cuite" ukipenda uliokolea moto, "pas trop cuite" ukipenda laini. Mmoja una takriban gramu 250. Mkiwa wawili, nusu yake ("une demie") inatosha. Usiufunge kwa plastiki: unyevu hurudi kwenye ganda na likalegea. Uache kwenye karatasi yake.

Nimealikwa chakula cha usiku nyumbani kwa Mfaransa. Nibebe nini? (Msomaji, Zanzibar)

Chokoleti nzuri au maua, lakini si krisantemu. Hayo ni ya makaburini, hasa tarehe 1 Novemba. Fika dakika kumi hadi kumi na tano baada ya saa uliyoambiwa, kamwe si kabla. Usianze kula mpaka mwenyeji aanze. Mikono yote miwili iwe juu ya meza, mkate uuweke kwenye kitambaa cha meza kando ya sahani. Jibini huja kabla ya kitindamlo: likiwa kipande cha pembetatu, usikate ncha yake. Ndiyo sehemu tamu zaidi, na ukiichukua peke yako umewanyima wengine. Kata kwa urefu, ubavuni.

Jumapili maduka hufunguliwa? (Msomaji, Kigoma)

Mengi ya vyakula hufungwa saa saba mchana, hivyo nunua mahitaji Jumamosi. Na mwezi Agosti, ukikuta karatasi ya "fermeture annuelle" (tumefunga kwa likizo ya mwaka) mlangoni, mwokaji yuko likizo. Mara nyingi karatasi hiyo hiyo inataja tarehe atakayofungua.